“LAU” YA MAORE: Uhakiki wa historia ya mambo yasiyokuwa

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe wote, Mwenye kuyajua yaliyokuwa na yatakayokuwa, na Mwenye kuyajua hata yasiyokuwa, lau yangekuwa yangekuwaje. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, kuna aina ya historia inayopendwa sana siku hizi, nayo ni historia ya mambo yasiyotokea. Msemaji huchukua tukio moja la kale, akaligeuza, kisha akaijenga dunia nyingine juu yake. Lau vita fulani vingeshindwa, lau mkataba fulani usingetiwa saini, lau kisiwa fulani kingepandisha bendera nyingine. Katika mwambao wetu na visiwa vyake hakuna “lau” inayorudiwa kwa uchungu zaidi kuliko ile ya kisiwa cha Maore, ambacho Wafaransa wanakiita Mayotte. Ngazija, Nzwani na Mwali vimekuwa dola huru tangu 1975. Maore imebaki na Ufaransa. Ni ndugu wa lugha moja, madhehebu moja ya Imam Shafi na nasaba zilizofungamana, lakini baina yao pana mpaka ambao watu wanakufa maji wakijaribu kuuvuka kwa mashua za kwasa-kwasa.

Katika makala hii tunakusudia kuipima “lau” hiyo kwa mizani mbili, ya fiqhi na ya historia. Tunachokitafuta ni faida: je, ndani ya hoja hii kuna elimu ya kuchukua, au ni majuto matupu?

Hukumu ya neno “lau”

Wengi wetu tumehifadhi hadithi ya Abu Hurayra (RA) iliyomo katika Sahihi Muslim, ambamo Mtume (SAW) ametukataza, likitupata jambo, tusiseme lau tungefanya hivi ingekuwa vile, kwa kuwa neno hilo hufungua kazi ya shetani. Vilevile katika Suratu Aali Imran, aya ya 156 na ya 168, Allah (SW) anawakemea waliosema juu ya ndugu zao waliokufa kwamba lau wangebaki nyumbani wasingekufa.

Hata hivyo, mwenye kuishia hapo atakuwa amesoma nusu ya mlango. Qur’ani yenyewe imelitumia neno hili kuthibitisha hoja. Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 22, tunafundishwa kwamba lau katika mbingu na ardhi wangekuwapo miungu wengine zingeharibika. Katika Suratul An’aam, aya ya 28, tunaambiwa kuwa watu wa Motoni, lau wangerudishwa duniani, wangeyarudia yale yale waliyokatazwa. Na Mtume (SAW), katika Hija ya kuaga, alisema kwa maana kwamba lau angelijua mwanzo wa jambo lake alilolijua mwisho asingechukua mnyama wa kuchinja. Kwa ajili hiyo Imam Bukhari, katika Kitabu cha Tamanni, ameweka mlango mzima wa “lau” inayojuzu.

Imam Nawawi (RH), katika sharhe yake ya Sahihi Muslim, amezikusanya kauli hizi: linalokatazwa ni kulisema neno hili pasipo faida. Ama mwenye kulisema kwa kusikitikia twaa iliyompita, huyo hana ubaya.

Wanavyuoni wa fiqhi nao walikuwa na “lau” yao, inayoitwa fiqhi ya kukadiria: kuuliza hukumu ya jambo kabla halijatokea. Watu wa Iraq waliipenda. Imam Malik (RH) aliichukia, na mara nyingi aliyemwendea na suala la kudhania alirudi bila jibu. Lakini hata walioikubali hawakuiacha bila lijamu. Kutokana na mwenendo wao sisi tunatoa masharti matatu ya kuipima kila “lau” ya historia. Kwanza, sababu inayodaiwa iwe imethibiti kuwa ni sababu kweli. Pili, ligeuzwe jambo moja, na mengine yaachwe kama yalivyokuwa. Tatu, jawabu limwachie msikilizaji amali ya kuifanya. “Lau” iliyopungukiwa na masharti haya ni hadithi ya barazani, ijapokuwa imeandikwa na mwanachuoni mkubwa.

Mfano wa “lau” ya mwanachuoni mkubwa ni ile ya mwanahistoria wa Kiingereza, Edward Gibbon, katika karne ya 18. Yeye alidhania kwamba lau Waislamu wangeshinda kwenye vita vya Balatu Shuhadaa mwaka 114 Hijria (732), huenda Qur’ani ingefasiriwa katika vyuo vya Oxford, huko huko kisiwani kwake. Maneno hayo yamependwa na Waislamu na wasio Waislamu. Lakini yapime kwa sharti la kwanza: baada ya vita hivyo Waislamu waliendelea kuushika mji wa Narbonne, kusini ya Ufaransa ya leo, mpaka 759. Basi vita vile peke yake havikuwa ndivyo vilivyowatoa. Gibbon alilitwisha tukio moja mzigo uliobebwa na mambo mengi.

“Lau” mbili zinazosikika

Tukirejea kwenye maudhui yetu, juu ya Maore zinasikika “lau” mbili zinazopingana.

Ya kwanza inasema: lau Maore ingefuatana na ndugu zake mwaka 1975, leo ingekuwa na makadhi wake, lugha yake na heshima yake. Wenye kauli hii hurejea nyuma mpaka 25 Aprili 1841, siku ambayo Andriantsoli, mfalme wa Kisakalava aliyetoka Bukini, alipotia saini mkataba wa kuwapa Wafaransa kisiwa, naye akapewa posho ya kila mwaka.

Ya pili inasema kinyume: lau Maore ingefuatana na ndugu zake, ingeonja waliyoyaonja wao. Uhuru ulitangazwa 6 Julai 1975, na kabla ya mwezi kutimia serikali ilikwisha pinduliwa. Wenye kauli hii huhesabu mapinduzi na mamluki, hufika kwenye mwaka 1997, Nzwani na Mwali zilipotangaza kujitenga na viongozi wa Nzwani wakaomba kurudi chini ya Ufaransa, kisha huuliza: aliyebaki alikosea nini?

Tunaona kwamba wote wawili wanagombania kitu kimoja, nacho ni bendera. Huyu anasema bendera ya mkoloni ndiyo iliyoua dini na mila. Yule anasema bendera hiyo ndiyo iliyookoa roho za watu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwanza: huo utambulisho wa Maore ni kitu gani, nao ulijengwa na nani?

Kisiwa kilivyojijenga

Anayedhani kwamba Wamaore ni Wafaransa waliovaa kofia, au kwamba ni Wangazija waliopotea njia, hakijui kisiwa hicho. Katika mji wa Tsingoni upo msikiti ambao mihrabu yake ina tarehe inayolingana na mwaka 1538, zaidi ya miaka 300 kabla ya mkataba wa Andriantsoli. Lugha ya Shimaore ni dada wa Kiswahili, na pembeni yake kipo Kibushi, lugha iliyotoka Bukini, inayosemwa na Waislamu wanaosali safu moja na wenzao. Madrasa wanaiita shioni, yaani neno letu lile lile la chuoni, na mwalimu wake ni fundi.

Mila yao ina sura yake. Baba wa Kimaore hupigania kumjengea binti yake nyumba kabla hajaolewa, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Kijana wa kiume anapobaleghe hujijengea kibanda chake, kiitwacho banga. Wanawake wana debaa yao, ambayo asili yake ni twarika ya Rifaiya, wakimsifu Mtume (SAW) kwa sauti na mwendo wa pamoja. Haya hayakuletwa na Ufaransa, na yote kwa pamoja hivi hayapatikani Uarabuni wala Unguja. Ni mjengo wa kisiwa chenyewe.

Tuitazame nyumba ya binti kwa jicho la fiqhi. Msomaji wa haraka atasema hii ni mila inayopingana na mirathi. Lakini baba anampa binti nyumba naye yu hai, na binti anaingia ndani na kuishi humo. Hiyo ni hiba iliyotimia kwa kukabidhiwa, wala haina uhusiano na mirathi inayogawanywa baada ya mauti. Litabaki suala la uadilifu baina ya watoto katika kupeana, nalo ni suala maarufu katika madhehebu yetu. Kwa hivyo mila hiyo iliweza kuishi miaka mingi pamoja na Minhaj at-Talibin ya Imam Nawawi, kitabu ambacho makadhi wa visiwa hivi walikitegemea, na ambacho dikrii ya Kifaransa ya 1 Juni 1939 ilikitambua katika mahakama za Waislamu wa Komoro. Mila ilikaa ndani ya sharia kwa sababu palikuwa na mtu aliyezisoma zote mbili, naye ni kadhi.

Aidha, tusiwaonee wanawake wa Maore waliosimama imara kubaki na Ufaransa. Mwaka 1958 uliamuliwa uhamisho wa makao makuu kutoka Dzaoudzi, kisiwani kwao, kwenda Moroni, na kazi na riziki zikafuata huko huko. Wanawake kama Zena M’Dere, aliyefariki 1999, waliongoza upinzani, na walikuwa wakiwazunguka maofisa waliotoka Moroni na kuwatekenya mpaka waondoke. Madai yao yalikuwa kwamba wanabaki na Ufaransa ili wawe huru, yaani wasitawaliwe na jirani. Katika kura ya 22 Disemba 1974, visiwa vyote kwa jumla vilitaka uhuru kwa takriban asilimia 95, na Maore ikakataa kwa zaidi ya asilimia 63. Umoja wa Mataifa umeiona Maore kuwa ni sehemu ya Komoro, na azimio la Baraza Kuu la Oktoba 1976 likailaumu Ufaransa. Hilo ni suala la sheria ya mataifa, na lina haki yake. Lakini katika hao waliopiga kura, hatumjui aliyedai kwamba amechoka na dini yake.

Bendera na kalamu ya kadhi

Sasa tuipime ile “lau” ya kwanza kwa sharti la kwanza. Je, imethibiti kuwa bendera ndiyo sababu ya kubaki au kuondoka kwa kadhi? Tuangalie nchi zetu zenyewe, ambazo ni mashahidi tulionao.

Kenya, mahakama za makadhi ziliingia katika katiba ya uhuru kwa sababu ya makubaliano juu ya ukanda wa pwani, na ziko katika Katiba ya 2010, ibara ya 170. Zanzibar, mahakama ya kadhi ilivuka ulinzi wa Waingereza, ikavuka Mapinduzi ya 1964, na sheria yake ya 1985 ilifuatiwa na nyingine ya 2017. Tanganyika, makadhi walikuwapo wakati wa ukoloni, na mahakama zao zikaondolewa kwa sheria ya 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru. Komoro yenyewe, Ali Soilih, aliyetawala mpaka Mei 1978, alipiga vita sherehe za ada na cheo cha masheikh, na nyaraka za serikali zikachomwa moto. Huyo alikuwa mtoto wa nchi, chini ya bendera ya nchi. Ama Maore, chini ya Ufaransa, kadhi aliendelea kuhukumu katika ndoa, talaka na mirathi zaidi ya miaka 160, mpaka amri ya 3 Juni 2010 ilipomwondolea uhakimu.

Ndugu msomaji, zipange nchi hizi tano. Utaona bendera huru iliyomwondoa kadhi, bendera huru iliyombakisha, na bendera ya mkoloni iliyomwacha kwa karne nzima na zaidi kisha ikamwondoa. Basi sababu inayodaiwa haikuthibiti, na “lau” ya kwanza imeanguka kwenye sharti la kwanza. Na ile ya pili imeanguka pamoja nayo, kwa maana anayejisifu kwamba bendera imemwokoa hana budi atueleze ni kwa nini bendera hiyo hiyo imelifunga baraza la kadhi wake.

Tunasema haya bila ya kuutakasa ukoloni. Mkoloni alimwacha kadhi kwa maslahi yake, na kwa maslahi yake akamwondoa. Tunachokikataa ni kuifanya bendera ndiyo jawabu la kila suala.

Yaliyopotea na yalivyopotea

Kilichotokea Maore kilikuja kwa hatua, na karibu hatua zote zilipita kwenye daftari.

Hatua ya kwanza ilikuwa majina. Mwamaore alijulikana kwa jina lake na la baba yake. Amri ya 8 Machi 2000 ikaweka utaratibu wa majina ya ukoo kwa mtindo wa Kifaransa, na tume ikaundwa kuandika upya uzazi, ndoa na vifo. Jina ambalo zamani lilimtaja baba likageuka kuwa jina lisilobadilika, linalorithiwa na vizazi vyote. Nasi tunajua kwamba katika Suratul Ahzaab, aya ya 5, tumeamrishwa kuwaita watu kwa baba zao, na kwamba nasaba ni msingi wa mirathi, wa uwalii na wa maharimu.

Hatua ya pili ilikuwa ndoa. Sheria ya Julai 2003 ikazuia ndoa ya wake wengi kwa watakaofikia umri wa kuoa kuanzia Januari 2005. Hatua ya tatu ikawa amri ya 2010 tuliyoitaja, na ndoa inayotambuliwa na dola ikawa ile inayofungwa mbele ya meya. Tarehe 29 Machi 2009 wananchi walikuwa wamepiga kura, na asilimia 95 wakakubali kisiwa kiwe wilaya kamili ya Ufaransa. Jambo hilo likatimia Machi 2011. Katiba ya Ufaransa, ibara ya 75, bado inataja hali binafsi ya watu wa namna yao. Jina limebaki kwenye karatasi, na ndani yake mmebaki kidogo sana. Kadhi bado yupo, analipwa na halmashauri ya kisiwa, naye anapatanisha watu. Ni kazi yenye thawabu, lakini hukumu hana.

Ni kwa hoja gani mlango huo ulifungwa? Hoja zilikuwa mbili. Ya kwanza ni usawa wa mwanamume na mwanamke kama wanavyouelewa wao katika sheria zao. Hiyo ni tofauti ya misingi, na hatukuwa na cha kuwaridhisha. Ya pili ilikuwa kwamba daftari za makadhi hazikukamilika: ndoa zisizoandikwa, talaka zisizo na tarehe, watoto wasio na cheti. Hoja hii ya pili hakutupa mkoloni. Tuliiokota mlangoni kwetu.

Somo la Sisilia

Suala la kadhi chini ya mtawala asiye Mwislamu si geni kwa wanavyuoni. Kisiwa cha Sisilia kilifunguliwa kuanzia mwaka 212 Hijria (827) na jeshi lililoongozwa na kadhi wa Kairawani, Asad bin al-Furat (RH), na kikamalizwa kutekwa na Wanormani mwaka 1091. Waislamu waliobaki walikuwa na kadhi aliyewekwa na mfalme Mkristo. Imam al-Maziri (RH), ambaye nisba yake ni ya Mazara, mji wa Sisilia, na ambaye alifariki 536 Hijria (1141), aliulizwa: hukumu za kadhi huyo na ushahidi wa mashahidi wake zikubaliwe au zirudishwe?

Alijibu kwa kutenganisha mambo mawili. La kwanza ni uadilifu wa mtu anayekaa katika nchi hiyo: huyo adhaniwe vyema, kwani huenda amelazimika, au anataraji kuongoza watu. La pili ni kuwekwa kwake na kafiri: hilo halizivunji hukumu zake, kwa kuwa watu wana dharura ya kuondolewa dhulma baina yao. Na katika madhehebu yetu, Imam al-Mawardi (RH) amenukuliwa akiona kwamba mwenye kuweza kuidhihirisha dini yake katika nchi isiyokuwa ya Waislamu, kukaa kwake ni bora kuliko kuhama. Shihabuddin ar-Ramli (RH), aliyefariki 957 Hijria (1550), akaulizwa juu ya Waislamu wa Aragoni waliokuwa chini ya Wakristo, akaona wabaki madhali wanaweza kuisimamisha dini yao.

Kwa hivyo wanavyuoni hawa hawakuanza na suala la nani mwenye ngome. Waliuliza: hukumu inapatikana? Dini inadhihirika?

Lakini Sisilia inatupa na onyo. Ibn Jubayr (RH) alipopita huko mwishoni mwa 1184 na mwanzoni mwa 1185, alimkuta kadhi, alizikuta na sala za jamaa. Pamoja na hayo aliandika juu ya msiba uliomliza: mzazi akimkasirikia mwanawe, mtoto hukimbilia kanisani, akabatizwa, na baba hana la kufanya, hata palikuwa na mtu aliyewasihi mahujaji wamchukue binti yake wakamwoze katika nchi ya Waislamu. Kadhi alikuwapo na nyumba ilikuwa inavuja. Katika karne iliyofuata Waislamu wa kisiwa hicho walihamishiwa Lucera, katika bara la Italia, na mji huo ukavunjwa mwaka 1300.

Kisiwa jirani cha Malta kinatuonyesha upande mwingine. Lugha yao mpaka leo asili yake ni Kiarabu. Mungu wanamwita Alla, na mfungo wao wa Kikristo wanauita Randan, neno lenye mnasaba na Ramadhani. Lugha imebaki, na dini iliyoileta haipo tena. Basi anayesema kwamba Shimaore ikisalimika yote yamesalimika, na aitazame Malta.

“Lau” tunayoikubali

Baada ya kuzikataa “lau” mbili, tunaleta ya tatu, nayo tunaiweka kwenye mizani ile ile. Lau makadhi na mafundi wa Maore, katika karne ile nzima walipokuwa na kalamu mkononi, wangepata msaada wa kuandika kila ndoa, kila talaka na kila hiba, daftari zikatunzwa na nakala zake zikahifadhiwa, ile hoja ya pili isingepata pa kushika.

Hatusemi kwamba kadhi angebakia na uhakimu wake. Hilo anajua Allah (SW) peke yake, na hoja ya kwanza ingekuwapo pale pale. Tunachosema ni kidogo na tuna yakini nacho: mwenye daftari kamili haambiwi kwamba ndoa yake haijulikani. Jambo lililogeuzwa ni moja, sababu yake imethibiti, na amali yake ipo mikononi mwetu, kwani tatizo hili halikuwa la Maore peke yake. Ni mara ngapi, katika miji yetu, mwanamke ameachwa bila karatasi, au mayatima wamedai mirathi kwa ndoa ambayo mashahidi wake wamekwisha kufa na sheikh aliyeifunga hakuandika popote? Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kwa ajili ya kuandika deni. Ikiwa deni la pishi ya mtama linafaa kuandikwa, vipi tupu iliyohalalishwa na nasaba inayofuata?

Kwa hivyo tunawausia maimamu na wanafunzi mambo matatu:

1. Kila msikiti unaofungisha ndoa uwe na daftari, na nakala yake iwekwe mahali pengine. Iandikwe tarehe, walii, mashahidi na mahari. Talaka nayo iandikwe siku ile ile.

2. Watu wafundishwe hiba na wasia wangali hai, mbele ya mashahidi, na kwa njia ambayo sheria ya nchi yao inaikubali, ili haki isitegemee kumbukumbu ya mzee mmoja. Nyumba ya binti wa Kimaore ni ushahidi kwamba jambo hili linawezekana.

3. Shioni isiachiwe ifundishe herufi tu. Mtoto aelezwe nasaba yake, maana ya jina lake na sababu ya ada za kwao, kwa lugha anayoota nayo. Msiba wa Sisilia ulianzia kwa mtoto.

Khitimisho

Wapo watakaotuona kwamba tumewapunguzia wakoloni lawama, na wapo watakaotuona tumewapunguzia Wamaore heshima. Jawabu letu ni kwamba lawama za 1841 na 1975 hazitakiongezea kisiwa hicho kadhi mmoja. Tufani ya Chido ilipoipiga Maore tarehe 14 Disemba 2024 iling’oa nyumba za mwenye vyeti na asiye navyo, za mzaliwa wa Mamoudzou na za aliyevuka usiku kutoka Nzwani. Ilikuwa ni siku ya kukumbuka kwamba udugu haukusubiri bendera kuanza, wala haufai kusubiri bendera kuendelea.

Mimbari zisitumike kuwagawa ndugu kwa “lau” zisizo na mwisho. Aliyepata funzo katika yaliyopita na alifanyie kazi leo, na asiyekuwa na la kufanya na alinyamazie, maana hesabu yetu mbele ya Allah (SW) itakuwa juu ya tulichokuwa nacho mkononi.

Wallahu a’lam. Wabillahi tawfiq.